Mizani Imelala

Walimu wenzangu vijana, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi karate ilivyoanza kwetu Kapsoit, na najua mlitarajia kurasa mbili za mawaidha. Mawaidha sina. Nina kisa cha kulabu moja ya chuma, na kila nikikikumbuka nacheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu anakuja kuangalia kama niko sawa. Vyeo vyangu mnavijua, viko ukutani. Mshahara wa mwalimu wa karate ni jambo ambalo mtu mwenye heshima zake halitaji mbele ya watoto. Basi nianze na siku ya kwanza.

Kabla ya kuwa mwalimu nilikuwa karani wa majani. Hii ni miaka ya tisini, ilipokuwa ndiyo inaanza. Kituo chetu cha kununulia majani ya chai kilikuwa banda la mabati lisilo na kuta, sakafu ya saruji, kando ya barabara ya matope, chai pande zote. Wakulima walileta majani jioni, mimi nikapima, nikaandika risiti, kisha tukaketi kungoja lori la kiwanda. Kungoja lori ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, kupima yalikuwa mapumziko. Mvua ya Kericho ilikuwa ikishuka alasiri bila kukosa, barabara ikawa uji, na lori likafika lilipojisikia.

Lori letu lilikuwa na ugonjwa wa giaboksi, kwa hiyo kiwanda kililipangia fundi wa kusafiri nalo. Jina lake Makori, Mkisii mfupi mwenye shingo nene na sauti ndogo. Jioni moja lori lilizimika palepale kituoni, dereva akaenda mjini kutafuta kipuri. Makori akafuta grisi mikononi, akavua viatu, akasimama sakafuni na kuanza kupiga hewa. Alipiga hatua, akakinga kitu nisichokiona, akageuka, akakipiga hicho kitu, kisha akatoa ukelele mmoja uliomfanya ng'ombe wa shamba la jirani aache kutafuna. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia na kikombe cha chai, nikamwonea huruma.

"Fundi, ni nyuki?" nikamuuliza.

"Nyuki gani?"

"Hao unafukuza."

Hakucheka. "Hii inaitwa kata, karani. Unapigana na maadui hawako. Kila hatua iko na sababu, na hauwezi ongeza yako. Toa hizo gambuti ukuje hapa nyuma yangu."

Nilivua gambuti, yale mabuti yangu ya mpira. Sijui mpaka leo kwa nini nilimtii. Alinisimamisha mguu mmoja mbele, goti limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka, akaniambia nikae hivyo nikivuta pumzi. Mapaja yakaanza kutetemeka yenyewe. Wakulima waliokuwa wakingoja lori wakasogea kutazama karani wao akitetemeka, na wengi walifurahi kuliko ilivyopasa. Lakini mimi kichwa kilikuwa chepesi, nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nilienda nyumbani nikitembea kwa mkao ule ule katikati ya michai, na mama yangu akaniuliza kama nimeumwa na nyoka.

Ni lazima mwelewe karani wa majani alikuwa mtu wa namna gani. Hapakuwa na mkulima aliyeamini kwamba gunia lake lina uzito niliousoma. Walinisalimia vizuri, "Chamgei, Chelangat," wakiangalia vidole vyangu. Juu ya sakafu ile ile, baada ya mizani kuwekwa sandukuni, Makori alitusimamisha mstari mmoja, mimi na wao, wote miguu mitupu, na hakuna aliyeangalia vidole vya mwenzake. Kwanza alikuja Kiprono, mpakiaji wa lori, mrefu kupita kiasi. Akafuata mzee Langat mwenye ng'ombe wa maziwa, ambaye alisema anakuja kwa ajili ya mgongo. Baadaye walikuja wachumaji wasichana, na ndugu zao waliotumwa kuwachunga, na hao wachungaji wakawa wanafunzi wazuri zaidi. Mahali pale nilipendwa kwa mara ya kwanza tangu nishike mizani, na ninawaambia wazi kwamba nilikuwa tayari kupigania mahali pale na mtu yeyote.

Vifaa tulijitengenezea. Nguo nyeupe za mazoezi zilishonwa na fundi wa sokoni kwa magunia ya unga, na yangu haikuacha kutangaza "Daraja la Kwanza" mgongoni, sifa ambayo sikuwa nimeifikia. Mti wa kupigia ngumi ulikuwa gogo la mkaratusi lililofungwa kamba za magunia. Mikanda ya kahawia tuliipika. Unachukua mkanda mweupe, unauchemsha kwenye sufuria ya chai ya rangi mpaka ukolee, unauanika. Ukinyeshewa unapungua cheo kidogo, kwa hiyo siku za mvua tulikuwa na mikanda ya cheo kisichojulikana. Nyinyi mnanunua mikanda yenu dukani ikiwa imefungwa kwenye plastiki, na hamjui mnachokosa.

Sasa kulabu. Katikati ya banda, kutoka kwenye boriti, ulining'inia mnyororo, na mwisho wa mnyororo kulabu ya kutundikia mizani. Mizani yenyewe nilikuwa naitoa kila jioni, lakini kulabu ilibaki, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hiyo ilikuwa sheria ya wakulima wenyewe, nao waliishika kuliko amri za kanisani. Mtu akionekana anaichezea kulabu, kesho yake kijiji kizima kinasema kilo zimeibwa. Siku moja tu kwa wiki iliruhusiwa kuinuliwa. Jumapili kina mama wa kanisa walifanyia mkutano wao pale bandani, na kulabu ilikuwa ikivua vitambaa vyao vya kichwa. Basi Jumamosi, tukishamaliza kupima, mbele ya wakulima, mimi karani nilishika mnyororo, nikaukunja juu ya boriti, nikafunga kwa kamba. Kisha nilirudi nyuma, nikaonyesha viganja vyote viwili kwamba havina kitu, nikasema kwa sauti, "Mizani imelala." Na waliokuwepo walijibu, "Tumeona." Jumatatu nilifungua kwa utaratibu ule ule, nikasema, "Mizani imeamka," wakajibu, "Tumeona." Bila jibu hilo, kupima hakukuanza.

Mnaoijua kata yetu ya kwanza mnajua kuna hatua tatu za kwenda mbele katikati ya sakafu, na baadaye tatu za kurudi. Banda lilikuwa dogo. Mstari pekee uliotosha hatua hizo ulipita chini ya boriti, na kulabu ilikuwa sawasawa na paji la uso kwenye hatua ya pili. Kiprono aliigonga siku yake ya kwanza, akakaa chini, akauliza nani amempiga. Makori alifikiri kidogo. Kuigusa kulabu haiwezekani, kuhamisha boriti haiwezekani.

"Hatua ya pili, inamisha kichwa," akasema. "Kwenda na kurudi."

"Na hiyo si kuongeza hatua yetu?" nikamuuliza.

"Karani, wewe unataka kata ama unataka kichwa?"

Tukainama. Wanafunzi wapya walifundishwa kuinama kabla ya kufundishwa ngumi. Mara moja moja tulifanya mazoezi Jumapili, kina mama wakimaliza mapema, na siku hizo kulabu ikiwa imelala tulipita wima bila kufikiri. Mwili ulijua wenyewe ni siku gani. Hatukuona ajabu yoyote, kama vile nyinyi hamwoni ajabu kwamba mnapangusa viatu mkiingia nyumbani.

Kisha akaja chifu. Alikuwa mtu mpole mwenye kofia kubwa kuliko wajibu wake, na shamba lake lilipakana na kituo. Alisimama pembeni tukifanya mazoezi, akangoja tumalize.

"Karani, hapa mnafunza watu nini jioni?"

"Karate, mheshimiwa. Ni mazoezi."

"Mimi sina shida na exercise. Lakini D.O. wa tarafa akiniuliza ni nani hawa wanapiga ngumi pamoja jioni, nitasema nini? Siku hizi hata harusi inaitisha permit." Akamgeukia Makori. "Mwalimu, uko na certificate?"

"Ya makanika, niko nayo."

"Ya hii."

Makori alikuwa na mkanda wake wa kahawia, uliopikwa jikoni kama yetu. Alijifunza Kisumu, nyuma ya duka la vipuri, kwa mzee mmoja aliyerudi kwao bila kumwandikia chochote.

"Basi leteni karatasi inasema hii ni klabu inajulikana," chifu akasema. "Nawapa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mkikosa, jioni hii kituo ni ya majani peke yake."

Usingizi ulinipotea. Tuliuliza huku na kule, tukaambiwa kuna mtihani wa mikanda Nakuru, siku ya Jumamosi, na mtahini atatoka Nairobi. Klabu inafanya kata pamoja mbele yake. Akiridhika, anaandika cheti. Asiporidhika, mnarudi mwaka unaofuata, ambao sisi hatukuwa nao. Tukafanya mazoezi kila siku lori lilipochelewa, yaani kila siku. Kata ilinyooka mpaka tukawa tunapumua pamoja. Makori hakuwa mtu wa kusifu, lakini alisema, "Si mbaya," na Kiprono akaenda kumwambia mama yake.

Tulisafiri kwa pikapu ya maziwa ya mzee Langat, tumekaa juu ya mikebe, tumeshika nguo zetu zisiguse chuma. Ukumbi wa Nakuru ulinitisha. Ulikuwa na sakafu ya mbao inayong'aa, na dari ilikuwa juu sana, nyeupe, tupu. Klabu nyingine zilikuwa na nguo za dukani, zinapiga mlio mtu akirusha ngumi. Zetu za magunia hazikuwa na mlio wowote. Mtahini aliitwa Bwana Mutiso, mzee mkavu aliyekaa nyuma ya meza akiwa ameweka mikono magotini, na nikaona kwamba uso ule haujawahi kuombwa msamaha ukakubali.

Tukaitwa. Tulijipanga, Makori mbele, sisi nyuma yake mistari miwili. Tukaanza. Kushoto, geuka kulia, geuka mbele. Hatua ya kwanza, safi. Hatua ya pili, klabu nzima ya Kapsoit ikainamisha kichwa kwa pamoja, chini ya kitu ambacho hakikuwepo, ikainua tena, ikapiga hatua ya tatu na ukelele mkubwa. Tukageuka, tukarudi, hatua ya pili tukainama tena. Nilihisi kuna kitu hakipo mahali pake, kama unapopanda ngazi ukidhani kuna kidato kimoja zaidi, lakini nilipoona midomo ya klabu za pembeni imeachama ndipo nilipoelewa.

Tulimaliza.

"Ni nini hiyo?" Bwana Mutiso akauliza.

"Ni kata ya kwanza, Sensei," Makori akasema.

"Kata ya kwanza naijua kabla wewe uzaliwe. Nauliza hii ya kuinama. Mnaogopa nini?"

Makori alinyoosha mgongo. "Kulabu, Sensei."

Alieleza yote, banda, mnyororo, majani, kwa sauti yake ndogo. Watu walianza kucheka, kwanza kwa adabu, baadaye bila adabu. Bwana Mutiso hakucheka.

"Nimeona maadui wengi hawako," akasema. "Kulabu haiko ndiyo naona leo. Nendeni pembeni. Mtaitwa mara ya pili, na ni ya mwisho. Kichwa ya mtu mmoja ikishuka, mnarudi nyumbani wote."

Tulienda kwenye korido. Makori alituambia tupite wima. Tukajaribu. Tukainama. Alituambia tuangalie dari, tukainama huku tunaangalia dari, jambo ambalo sikujua linawezekana. Alimshika Kiprono kidevu kwa mkono wake mwenyewe, na Kiprono akainama na mkono wa mwalimu. Hapo kicheko kilitushika. Sijui niwaelezeje. Klabu yetu ilikuwa inakufa, mimi nilikuwa nakaribia kurudi kuwa karani anayeangaliwa vidole, na tulikuwa tumeegemea ukuta tunacheka mpaka mzee Langat akashika mgongo wake. Nilicheka nikilia. Makori peke yake alisimama akitutazama, kisha akanitazama mimi.

"Karani," akasema. "Leo ni siku gani?"

"Jumamosi, Mwalimu."

"Na hapa umeshamaliza kupima?"

"Kupima nini?"

"Nakuuliza. Umeshamaliza kupima?"

Nilimwelewa, nikachungulia ukumbini. "Mwalimu, watu wote wale?"

"Mimi siwezi. Mimi si karani. Nikiigusa watasema nimeiba." Aliyasema hayo bila kutabasamu hata kidogo, na mpaka leo sina hakika kwamba alikuwa anatania.

Tulipoitwa, wenzangu walijipanga, mimi nikaenda peke yangu mpaka katikati ya ule ukumbi. Nilisikia mbao zikilia chini ya miguu yangu. Nikainua mikono, nikaushika mnyororo pale ulipokuwa unaning'inia kila siku ya maisha yangu ya kazi. Ulikuwa mzito na wa baridi, naapa. Nikaukunja juu ya boriti, nikapitisha kamba, nikavuta fundo, nikalijaribu kwa kidole kama kawaida. Nikarudi nyuma. Nikamgeukia Bwana Mutiso nikamwonyesha viganja vyangu vyote viwili.

"Mizani imelala," nikasema.

Mtu mmoja kwenye viti alianza kucheka, lakini nyuma yangu klabu yote ilijibu, kwa sauti nzito ya wakulima walioona kwa macho yao, "Tumeona." Yule mtu akanyamaza.

Nikaingia kwenye mstari. Tukaanza. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili tukapita wima, vichwa vimetulia kama vikombe kwenye sinia, Kiprono na urefu wake wote, mzee Langat na mgongo wake. Tukapiga ukelele wa hatua ya tatu, na nadhani haujawahi kupigwa ukelele wa furaha namna ile kwenye mtihani wowote. Kwenda wima, kurudi wima. Tulipomaliza nilikuwa nimeshika pumzi mpaka masikio yanalia.

Bwana Mutiso aliandika muda mrefu. Akamkabidhi Makori cheti cha klabu, tukainama wote, safari hii kwa heshima inayotakiwa. Mimi nikaomba ruhusa ya kwenda katikati tena.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Kuifungua, Sensei. Siwezi kuiacha hivyo."

"Iache," akasema. "Huko nyuma kuna klabu zingine vichwa zinapanda na kushuka, na hawana hata kulabu ya kusingizia." Kona moja ya mdomo wake ilisogea, na nimeihesabu hiyo kuwa kicheko. Kwa hiyo mkienda Nakuru, jueni iko juu bado.

Chifu alikisoma cheti mara mbili, mara ya pili akiwa ameweka miwani. Akasema ni sawa, D.O. akiuliza ana jibu. Kisha akabaki amesimama.

"Kuna jambo lingine, mheshimiwa?" nikamuuliza.

"Hiyo kelele yenu ya hatua ya tatu," akasema polepole. "Mnaweza kupunguza? Ng'ombe yangu ikisikia inakataa kuachilia maziwa. Tangu mwaka jana." Makori alikubali palepale, na tangu hapo klabu ya Kapsoit hupiga ukelele wa chini kwa chini kabla ya saa ya kukamua kwisha. Wageni hudhani ni mbinu ya siri.

Miaka ilienda. Nilikiacha kituo nikawa mwalimu kamili, na Makori alipochoka aliniachia klabu kwa kunipa bisibisi yake, bila hotuba. Banda lilibomolewa, kituo kipya kina mizani ya umeme inayosoma yenyewe, na karani haangaliwi vidole tena. Tukahamia ukumbi wenye zulia, usio na boriti wala mnyororo. Makori tulimzika kwao Kisii kabla hamjaja wengi wenu, na sikucheka siku hiyo, ingawa nilijaribu kwa ajili yake.

Mnakumbuka siku ya kuniaga mlitaka nifanye kata ya kwanza mbele yenu mara ya mwisho. Nilipokuwa nafunga mkanda, Faith, ambaye ndiye mwalimu mkuu sasa na hajapima jani hata moja maishani mwake, alitembea mpaka katikati ya zulia. Akainua mikono. Akakunja mnyororo juu ya boriti, akavuta fundo, akalijaribu kwa kidole. Sikumfundisha hiyo ya kidole, atakuwa aliniona nikisimulia. Akaonyesha viganja.

"Mizani imelala," akasema.

"Tumeona," mkajibu wote, na wazazi wenu pamoja nanyi.

Nikamaliza kufunga mkanda.

"Faith," nikasema, "iteremshe."

"Mwalimu? Leo ni siku yako. Nilitaka upite wima."

"Leo ni Jumanne, mama. Iteremshe."

Alinitazama, kisha akarudi akafungua fundo, akauachia mnyororo ushuke taratibu, akaushika usiyumbe. Viganja. "Mizani imeamka." Tumeona. Nikaanza, nanyi mkanifuata kwa nyuma. Kushoto, geuka kulia, geuka mbele. Hatua ya kwanza. Kwenye hatua ya pili nikainamisha kichwa, chini kabisa, jinsi Makori alivyonifundisha, nikaisikia kulabu inapita juu ya nywele zangu zenye mvi. Na nyuma yangu nikasikia nguo zenu zote za dukani zikiinama kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyegongwa.